Oili Iliyogeuka Nyeusi

Safari hajui kuongea na simu kwa sauti ya kawaida. Anapiga kelele kana kwamba bado yuko nyuma ya usukani na injini inanguruma chini ya miguu yake, na mimi nimezoea kuiweka simu mbali na sikio kabla hajaanza. "Dada wa stoo!" alisema mwezi uliopita, na hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani anayeniita hivyo. "Mjukuu wangu amenunua lori! Lori kabisa, la tairi kumi! Dukani hapa Katesh wanataka kumuuzia oili, nimemwambia asiguse kitu mpaka ufike. Njoo sasa hivi!" Nina umri wa kutosha kukaa hapa Gitting nikachambua maharage yangu kwa amani, na magoti yananikumbusha hivyo kila asubuhi, lakini nilikuwa nimeshasimama kabla hajakata simu. Nilivaa viatu vya kwendea kanisani, nikapanda pikipiki ya kijana wa jirani, na nikamwambia aongeze mwendo.

Dukani makopo yalikuwa yamepangwa mpaka darini, mekundu, ya bluu, ya rangi ya dhahabu, na mbele yake alisimama mjukuu, kijana mrefu mwenye ufunguo mpya wa gari uliokuwa haukai mfukoni hata dakika moja. "Shikamoo bibi," akasema, na nilipoitikia marahaba akanionyesha makopo mawili. "Bibi, kwani kuna tofauti gani? Hii arobaini, na hii nayo arobaini. Arobaini si ni arobaini?" Safari na mimi tulitazamana. Kicheko kilitushika mpaka mzee wa watu akajishikiza kwenye kaunta, na muuzaji akamsogezea stuli akidhani anaumwa. Sentensi hiyohiyo niliwahi kuisikia nikiwa na miaka ishirini, kutoka kwa mtu niliyemwogopa kuliko meneja, na kwa ajili yake nilikaribia kufukuzwa kazi, na Safari alikaribia kupata makubwa zaidi. Nilifungua kitabu cha gari la kijana, nikatafuta ukurasa, nikamchagulia kopo lenye herufi zilizotakiwa. Kazi ya dakika tano. Halafu tukaenda kunywa chai, mzee na mimi, na hatukuinuka pale mpaka jua likawa limepinduka.

Mwaka ule mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa katika kilele chake. Ukisimama kwenye ngazi ya stoo yangu uliona ngano mpaka macho yachoke, tambarare yote chini ya mlima Hanang imegeuka rangi moja, na mashine za kuvunia zikitembea ndani yake kwa mstari, vumbi likizifuata. Sikuwa nimewahi kuona kitu kikubwa namna ile, na nakiri kwamba nilijiona mimi ndiye mwenye nacho. Niliajiriwa kutunza stoo ya mafuta na oili. Kilikuwa chumba cha mabati chenye sakafu ya saruji, mapipa yamelala kwenye vitanda vya mbao, kila pipa na koki yake, na harufu iliyoingia kwenye nywele ikakataa kutoka hata kwa sabuni ya magadi. Veronika, mpishi wa kantini niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, alisema nikigeuka usiku kitanda kinanukia trekta. Tulikuwa na vitanda viwili, meza moja, na dirisha lililotazama uwanja wa malori, na kwa hilo dirisha sikuhitaji saa. Malori yalituamsha.

Ni lazima nieleze namna yalivyotuamsha, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Wakati wa mavuno ni wakati wa baridi kwetu. Ukungu unashuka kutoka mlimani, nyasi zinalowa, na ukiongea asubuhi mdomo unatoa moshi. Kabla jua halijatoka kila dereva alikuwa anatoka kantini na karai la makaa ya moto, anaingia chini ya lori lake, na kulisukuma karai mpaka chini ya sampu, lile bakuli la chuma ambalo oili ya injini inalala ndani yake. Alikaa pale amechuchumaa, mikono imenyooshwa kwenye joto, mpaka oili ilainike na stata iweze kuzungusha injini. Viazi vilichomwa kwenye makaa hayohayo. Dereva mmoja alipasha maziwa. Uwanja mzima ulikuwa na moshi, vicheko, na habari za nani amemposa nani, na mimi niliupenda sana mtindo ule kabla sijaelewa kwamba ulikuwa unatuambia kitu. Oili inayohitaji kuotea moto kila asubuhi inataka kukupa habari.

Oili ile ilichaguliwa na Fundi Gwandu, mkuu wa karakana. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyezaliwa kwenye tambarare ileile ilipokuwa bado malisho. Ng'ombe wa ndugu zake sasa walizunguka mbali kukwepa ngano, na alilitaja jambo hilo mbele yangu mara moja tu, bila hasira iliyoonekana, akiwa anafunga nati. Injini alizijua kwa masikio. Angeweza kusimama mlangoni na kikombe cha chai, akasikia trekta upande wa pili wa shamba, akasema ni valvu ya pili, na ikawa ya pili. Oili aliipima kwa kidole gumba na cha shahada. Aliweka tone, akasugua, akavitenganisha vidole polepole, na kama uzi wa oili ulirefuka bila kukatika, alitikisa kichwa kuikubali. "Oili nzuri inashika," alisema. Na oili iliyoshika kuliko zote ilikuwa arobaini tupu, nzito, ya rangi ya asali, tuliyokuwa nayo mapipa mengi. Matrekta yetu ya zamani yalikunywa oili hiyo miaka na miaka bila kulalamika, na Fundi Gwandu hakuwa na sababu ya kubadili.

Kisha yakaja malori mapya sita. Siku ile hakuna aliyefanya kazi! Tulisimama barabarani sote, wapishi na makarani, na Veronika alikuwa na mwiko mkononi. Yalikuwa na tabo, ile feni ndogo inayozungushwa na moshi wa gari lenyewe na kusukuma hewa kwenye injini ipate nguvu zaidi. Yakipanda mlima yalipiga mluzi, na kila dereva aliyepewa moja alianza kutembea kwa namna nyingine. Kwenye boksi la vipuri zilikuja tabo tatu za akiba. Ndani ya mwezi mmoja mbili zilikuwa zimeshatumika. Lori lilikuwa linawashwa asubuhi vizuri tu, dereva anapiga resi ili liamke, na mluzi unageuka mlio wa chuma kusaga chuma, halafu moshi wa bluu. Fundi Gwandu alizifungua zile tabo zilizokufa, akakuta shafti zimeungua kama zilizunguka bila oili kabisa, na alishangaa, kwa sababu oili ilikuwa imejaa mpaka kwenye alama.

Mimi nilikuwa na kidato cha nne, kamusi ya Kiingereza iliyopoteza jalada, na kitabu cha lori ambacho hakuna mwingine aliyekitaka. Nilikisoma mezani stoo, ukurasa kwa ukurasa, na siku nilipoelewa ukurasa wa oili nilitoka mbio mpaka karakana nikiwa nimesahau kufunga mlango. Nilikuwa nimeona! Kitabu kilitaka oili yenye herufi C na D. C ni ya dizeli, D inasema inaweza kustahimili kazi nzito na joto la tabo. Na kilitaka namba mbili, si moja: kumi na tano na arobaini. Ya kwanza inasema oili itakuwaje ikiwa baridi, ya pili itakuwaje ikichemka. Oili yetu ilikuwa arobaini moto na baridi, na herufi zake zilikuwa C na A, za injini za enzi zisizojua tabo. Asubuhi oili hiyo ilikuwa nzito mno kupanda haraka, na tabo iko juu, na inazunguka kwa kasi ya kutisha tangu dereva anapokanyaga. Makaa yalilainisha iliyo ndani ya sampu, lakini mabomba yote ya juu yalibaki na baridi yake. Niliyasema yote hayo bila kuvuta pumzi. Fundi Gwandu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kopo la oili niliyoitaka, lililokuja na malori, akatazama namba, akatazama pipa lake. "Hii arobaini," alisema. "Na hii arobaini. Arobaini ni arobaini, binti."

Nikaenda kwa meneja. Leo nikifikiria ujasiri ule nashika kichwa. Alikuwa mtu wa haraka, asiyekaa kitini, na nilimkuta amesimama akila ndizi. Nilimwomba aje stoo kesho yake saa moja asubuhi, pamoja na Fundi Gwandu. Jioni ile nilijaza chupa mbili za soda, moja arobaini tupu, moja ile ya namba mbili, nikaziacha juu ya bati. Sisi wa Gitting tumekua na samli isiyomiminika asubuhi, nilijua baridi inaweza kufanya nini. Walipofika nilizigeuza zote mbili kwa pamoja. Yangu ilitoka kwa wingi ikamrukia meneja kwenye viatu. Ya Fundi ilining'inia mdomoni mwa chupa, ikafikiri, ikaanza kushuka polepole. Nilicheka kwa furaha, jambo ambalo sikupaswa kulifanya. "Maji nayo yanamiminika," Fundi Gwandu alisema kwa upole, "na hatuyaweki kwenye injini."

Meneja alifuta kiatu. Agizo la oili ya msimu mzima lilitakiwa kwenda Arusha baada ya wiki tatu, alisema, na litakwenda mara moja tu. Pipa moja la oili ya kitabu lilikuja pamoja na malori. Basi lori moja litaendeshwa kwa oili hiyo wiki tatu. Siku ya mwisho, Jumamosi, atakuja kulikagua mwenyewe, na likiwa zima, nitaandika agizo mimi. "Na tabo imebaki moja," alisema akinielekezea ganda la ndizi. "Hiyo ikifa kwa ajili ya kitabu chako, unarudi Gitting kupalilia viazi." Nilisema sawa. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikuona kama kuna hatari yoyote katika maneno yale.

Dereva aliyepewa kazi hiyo alikuwa Safari, wa Nangwa, mwembamba, mcheshi, anayeimba akiwa chini ya gari. Asubuhi ya kwanza madereva wote walikuja na makarai yao kama kawaida, na Safari akaja mikono mitupu. Alipanda, akapiga stata, na injini ikawaka palepale, bila moto, bila kubembelezwa! Nilimfundisha aiache iungurume taratibu kwanza, bila resi, mpaka ahesabu mia moja polepole, naye akahesabu kwa sauti dirishani ili wote wasikie. Wiki ile alikuwa wa kwanza kutoka kila siku. Alikuwa akirudi kutoka maghalani na kuanza safari ya pili wakati wenzake bado wanapuliza makaa, na walimchukia kidogo, kwa mapenzi, namna wanaume wanavyochukiana kazini. Mimi nililala kila usiku nikiandika agizo kichwani.

Kisha oili ikageuka nyeusi. Haikuchukua hata siku nne. Safari alivuta kijiti cha kupimia mbele ya wenzake na kikatoka cheusi tii, na uwanja mzima ukapiga mayowe. Ile arobaini tupu ilikaa na rangi yake ya asali muda mrefu, na hicho ndicho kilikuwa kipimo cha kila mtu kule: oili safi kwa macho ni oili nzuri, nyeusi imeoza. Waliitania kwa kila jina. Uji wa masizi. Kahawa ya binti. Nilimweleza Safari harakaharaka nikiwa na daftari mkononi kwamba ndiyo kazi yake, ina sabuni ndani, inaosha masizi na kuyabeba, na maji ya kufulia shati la fundi lazima yawe meusi. Ile inayobaki safi imeyaacha masizi kwenye injini. Alitikisa kichwa. "Nimeelewa, dada," akasema. Nami niliamini, kwa kuwa nilikuwa nimeeleza vizuri. Nimezeeka sasa na nimeona watu wengi wakisema wameelewa ili mwenzao anyamaze, lakini wakati ule nilizitazama herufi zangu kuliko nilivyomtazama mtu aliyekuwa mbele yangu.

Nilipaswa kujua. Jioni moja nilikuwa namsaidia Veronika kumenya viazi, na ukuta kati ya jiko na meza za madereva ulikuwa wa mbao zenye nyufa. "Injini inaliwa ile," sauti moja ilisema. "Binti atarudi kwao kuolewa. Wewe je? Watauliza nani alikuwa anaendesha." Mwingine akasema, "Meneja akivuta kijiti Jumamosi akaona ule weusi, mbona umekwisha." Nilingoja Safari aseme jambo la kuchekesha. Badala yake akasema, "Mimi ndiye nitakayeulizwa." Veronika alinitazama, mimi nikaendelea kumenya. Nilijiambia Jumamosi imekaribia, injini ni nzima, mambo yatajisema yenyewe.

Ijumaa nilikwenda Katesh na gari la chakula kuchukua vichujio. Jumamosi saa moja asubuhi ukungu ulikuwa mzito, na watu wote walikuwa uwanjani, meneja katikati na koti lake, Fundi Gwandu pembeni na kikombe chake. Safari alipanda lorini bila kuimba. Alipiga stata, na nikasikia. Stata ilizunguka kwa shida, kwa uzito, sauti ambayo lori lile halikuwa limeitoa kwa wiki tatu. Injini ikashika, na Safari, kwa hofu au kwa kutaka kuonyesha, akakanyaga mafuta mpaka chini. Mluzi ulipanda, ukapanda tena, ukageuka ukelele wa chuma, na moshi wa bluu ukatufunika sote.

"Funga mizigo," meneja aliniambia. Hakupaza hata sauti.

Nilikimbilia injini. Nilivuta kijiti, nikakifuta, nikakichovya tena, nikakivuta, na ilikuwa rangi ya asali. Safi kabisa! Nilielewa yote kwa mara moja pale nilipokuwa nimesimama. Alikuwa ameimwaga oili nyeusi jana yake, nilipokuwa Katesh, na kuweka ile nzuri kwa macho kutoka pipa la matrekta lililokuwa karakana, ili meneja akivuta kijiti aone usafi. Na kwa kuwa kila mtu alijua lori hilo halihitaji makaa, hakuweza kuleta karai bila kujifichua. Aliliwasha likiwa na oili nzito na baridi tupu. Ushahidi wangu wote ulikuwa kwenye kile kijiti. Lakini ufunguo wa lori lile ulikuwa wa mtu mmoja, na miaka ile neno hujuma lilitoka midomoni kirahisi na watu wakaozea gerezani. Nilimtazama Safari. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikifungua mdomo, anakwenda. Nikiufunga, nakwenda mimi, na malori yote sita yanarudi kwenye oili inayoyaua. Nataka kusema kwamba nilipima nikaamua. Ukweli ni kwamba ulimi ulikauka.

Mkono mrefu ulinipokonya kijiti. Fundi Gwandu alikitazama, akaweka tone kwenye kidole, akasugua, akavitenganisha vidole. Uzi ulirefuka, haukukatika. Akanusa. Mtu yule alikuwa ameshashinda! Hakuhitaji kufanya chochote zaidi ya kunywa chai yake. "Meneja," alisema, "hii si oili ya binti. Hii ni oili yangu." Meneja aliuliza imefikaje humo. "Sijui imefikaje. Najua imefanya nini. Na zile mbili za kwanza zilikufa na hii hii." Meneja akazungusha macho kwa madereva wote akauliza nani ameiweka, na Fundi Gwandu akasogea mbele yake, taratibu, mpaka akawa amemkinga Safari kwa bega. "Karakana ni yangu. Nitajibu mimi. Ngano inangoja, mzee." Ngano kweli ilikuwa inangoja, mashine zilikuwa zimesimama shambani na matangi yamejaa. "Fungeni hiyo ya mwisho," meneja alisema hatimaye, "na agizo aandike huyu." Akaondoka. Nikakaa kwenye tairi.

Tabo ya mwisho aliifunga mwenyewe, kwa mikono yake, bila kumruhusu fundi mwingine aguse. Alipomaliza alikuja mpaka mlango wa stoo na kopo la oili yangu, akaliweka mezani, akafuta mikono. "Nisomee," alisema. Hapo ndipo nilipojua. Namba alizijua, herufi za kigeni hakuzijua, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilimsomea kila neno lililokuwa kwenye kopo lile, na safari hii niliongea polepole. Aliuliza maswali mazuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Aliuliza kwa nini isichoke haraka ikiwa nyepesi, aliuliza masizi yanakwenda wapi siku sabuni ikiisha, nikamwonyesha kwamba ndiyo maana lazima imwagwe kwa wakati wake. Aliishika namba ya kwanza kwa kidole, kumi na tano, muda mrefu. "Basi zile mbili," alisema, "niliziua mimi." Nilisema chakula kiko tayari.

Kantini ilikuwa imejaa, ugali umeshapakuliwa, maharage na maziwa mgando mezani, na kelele zilizidi kawaida kwa sababu ya mambo ya asubuhi. Fundi Gwandu hakukaa. Alisimama mwisho wa meza mpaka wakanyamaza mmoja mmoja. "Tabo zile mbili niliziua mimi," alisema kwa sauti ya kutoa taarifa. "Oili niliichagua kwa vidole, na vidole havikujua. Kuanzia leo malori yanakunywa ya binti, na itakuwa nyeusi, na atakayecheka aje anicheke mimi." Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimemwogopa mtu yule mwaka mzima, na pale nilimpenda, nalisema bila aibu, nilimpenda namna unavyompenda mzazi aliyekubeba mgongoni. Kiti kikakwaruza sakafu. Safari alikuwa amesimama, amepauka, mikono imeshika ukingo wa meza. "Na ya tatu," alisema, "niliiua mimi. Nilibadilisha jana. Niliona haya."

Watu wote mle walisikia, na wengi wao walikuwa na midomo mipana, na mpaka shamba lile linakufa miaka mingi baadaye neno hilo halikumfikia meneja. Lakini wakati ule hatukujua kama halitamfikia. Safari alikuwa ameweka maisha yake mezani katikati ya sahani. Nilitazama kushoto na kulia, na jambo likanipata ambalo sikulitegemea siku ya ushindi wangu. Mimi ndiye niliyekuwa na haki tangu mwanzo, kwa kitabu na kwa chupa, na kati ya sisi watatu mimi peke yangu nilikuwa sijasema kitu. Nikasimama, kijiko bado mkononi. "Mimi niliona asubuhi," nilisema, na sauti ilinitoka kubwa mno. "Niliona rangi, nikajua, nikanyamaza. Na Safari hakuelewa kwa sababu nilimweleza mbio."

Veronika alikuwa amesimama mlango wa jiko na sufuria. Fundi Gwandu alinitazama mimi, akamtazama Safari, akavuta kiti chake, akakaa kati yetu na kujisogezea bakuli la maziwa.

"Kaeni mle chakula," alisema. "Malori yanaondoka saa nane."